Upawa Mkubwa, Upawa Mdogo

Jikoni kwa Mama Masizi watoto hawana nyuso. Dirisha la kugawia chakula lilikatwa chini mno, usawa wa kiuno, na mpishi akisimama nyuma ya sufuria anachokiona ni mikono na mabakuli, basi. Fundi aliyelikata alipima vibaya, akasema atarudi kurekebisha, na mpaka leo yuko njiani. Kwa hiyo Mama Masizi, aliyepika katika shule hiyo miaka kumi na tisa, anawajua watoto wa watu kwa vyombo vyao. Kuna bakuli la bati lililobonyea upande. Kuna kopo la rangi lililokatwa shingo na kusuguliwa mpaka likang'aa. Na kuna bakuli la plastiki la buluu, limeyeyuka ukingoni kwa kuwekwa karibu na moto. Hilo la buluu ni la Kijino, mjukuu wake, na aliyeliweka karibu na moto ni yeye mwenyewe bibi mtu.

Hebu nianze na mdomo wake, maana yote yalianzia hapo. Mama Masizi mdomo wake hauna breki. Mkono wake ni wa dhahabu, ukimpa jiwe atalichemsha likaliwa, lakini ule mdomo hausubiri kuulizwa. Miaka miwili iliyopita aliingia na birika la chai katika chumba cha walimu, akawakuta wameinamisha vichwa kama waliofiwa. Matokeo yalikuwa yametoka. Watoto themanini na ushee wa darasa la mtihani, waliofaulu kwenda sekondari kumi na tisa tu. Mmoja analaumu vitabu, mwingine analaumu wazazi, wa tatu analaumu watoto wa siku hizi. Mama Masizi akawa anapanga vikombe, angeweza kupanga akaenda zake. Aah, wapi.

"Walimu wangu, mnasumbuka bure," alisema. "Anayeshiba Jumatatu mpaka Alhamisi, Ijumaa kwenye jaribio anapasi. Anayekula kwa macho anaanguka. Mimi nayaona mabakuli, nawaambia nani atafaulu kabla nyinyi hamjasahihisha."

Walicheka wote isipokuwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu ni mtu mfupi, msafi, kalamu haimtoki sikioni, na si mtu mbaya; hilo nalisema mapema ili msije mkamchukia bure. Alimfuata mpaka jikoni, akamwuliza kama alichosema ni kweli. Mama Masizi akaapa. Yeye alitaka gunia la tano. Miaka yote darasa la mtihani, ambalo ndilo pekee linalokula mchana shuleni kwa kuwa linabaki mpaka jioni, lilikuwa likipewa magunia manne ya mahindi na maharage kwa mwezi, na kwa watoto themanini na wanne hayo hayatoshi.

"Magunia ni manne, Mama, na hayazai," mwalimu mkuu alimwambia. "Lakini kugawa tunaweza kugawa kwa akili."

Wiki iliyofuata akaja na upawa mpya kutoka kwa mfua vyuma, mkubwa mara mbili ya ule wa zamani. Kuanzia hapo kila Ijumaa jaribio, kila Jumatatu orodha inabandikwa kwenye mlango wa jiko. Thelathini wa kwanza wanachotewa upawa mkubwa. Hamsini na wanne waliobaki, mdogo. Mwalimu wa zamu anasimama ubavuni mwa mpishi na karatasi mkononi, bakuli likitokea dirishani na mwenyewe akijitaja, anasema "kubwa" au "ndogo", na mpishi anachota. Mwaka ule wakafaulu ishirini na wanane. Ofisi ya elimu ikaleta cheti, kikatundikwa ukutani kwa mwalimu mkuu. Naye Mama Masizi akaitwa mbele ya wazazi, akavishwa aproni nyeupe pee, ikatangazwa kwamba mwenye wazo ndiye huyu. Akapigiwa makofi. Na alifurahi, tusidanganyane. Aliivaa ile aproni mpaka nyumbani.

Furaha ikaanza kumchachia mwaka wa pili, pole pole, kwa kuangalia mabakuli. Kulikuwa na msichana waliyemwita Mrefu, wa nne darasani, bakuli lake la bati lenye kishikio. Akaugua wiki moja, akashuka mpaka thelathini na tatu, akasomewa "ndogo". Ijumaa iliyofuata akawa wa arobaini na mmoja. Kisha wa hamsini na sita. Walimu wakasema amepata mambo ya ujana, mawazo yamemhama. Mama Masizi hakuona ujana wowote, aliona bakuli linalorudi limerambwa mpaka linateleza, na mkono ulioanza kukonda kwenye kifundo. Halafu akaanza kukumbuka wengine. Alihesabu kwa vidole, akarudia tena: aliyeshuka kutoka upawa mkubwa harudi. Hata mmoja hajarudi. Walimu wanaona namba, namba zinawaambia mtoto amelegea. Yeye ndiye aliyemlegeza, kwa mkono wake huu huu, kwa wazo lake mwenyewe.

Alilimeza hilo, akaendelea kupika. Mkinishangaa kwamba alinyamaza na mdomo ule, basi hamjawahi kuwa na mjukuu. Mwaka huo Kijino alikuwa ameingia darasa la mtihani.

Kijino ni mtoto wa binti yake Mama Masizi. Huyo binti alifeli mtihani huu huu, katika shule hii hii, akaenda mji wa mbali kufanya kazi katika nyumba za watu, na mpaka leo yuko katika nyumba za watu. Mtoto akabaki na bibi yake, na jino lake moja la mbele lililotangulia wenzake likampa jina. Chumba chao ni kimoja, kitanda kimoja, na jioni wanakula ukoko: mpishi anaruhusiwa kukwangua sufuria akaenda na kilichoganda. Hiyo ni haki yake, haijaandikwa popote. Na shangazi yake Kijino, msusi, alikwisha kutuma salamu tangu mwanzo wa mwaka: mtoto akifaulu, heri, akifeli, apakiwe aje amlelee kichanga chake. Hakusema kwa ubaya. Lakini bibi alijua mlango huo ukifungwa nyuma ya msichana haufunguki, kwa sababu mwanawe alipita mlango huo huo.

Basi Kijino akawa anashika nafasi. Wa ishirini na sita, wa ishirini na nne, wa ishirini na tisa. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, Mama Masizi anasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, anatafuta jina kwa kidole kilichojaa masizi, na karatasi ikifika Ijumaa ina mstari mweusi katikati. Halafu ikaja homa. Siku nne kitandani, Ijumaa akaenda kufanya jaribio akitetemeka, na Jumatatu kidole kikashuka, kikashuka, kikapita mstari wa thelathini. Wa thelathini na nne.

Siku hiyo mwalimu wa zamu alikuwa yule wa hesabu, dada kijana, mpole. Bakuli la buluu likatokea dirishani. Mwalimu akatazama karatasi, akamtazama mpishi, akasema "ndogo" kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. Mama Masizi akachota mdogo. Mkono wa Kijino ukabaki pale dirishani kidogo, halafu ukaondoka na bakuli.

Alijaribu njia za kawaida. Alimfichia ukoko katika mfuko wa aproni, ampe nyuma ya jiko. Kijino akakataa.

"Bibi, wakiniona wataniita mwizi. Na wewe utamwaga unga."

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Wewe."

Alikwenda kwa mwalimu mkuu, akamweleza habari ya homa. Mwalimu mkuu akamsikiliza vizuri, akamkaribisha kiti, hata pole akampa. "Nikimpandisha mjukuu wako, Mama, kesho nina wazazi hamsini mlangoni," alisema. "Nitawajibu nini? Utaratibu huu umenifundisha wewe." Ukweli ndio huo. Kweli alimfundisha. Akatoka ameufyata.

Ijumaa Kijino akawa wa thelathini na nane. Mwalimu wa hesabu alimwambia Mama Masizi kwamba mtoto anasinzia kipindi cha mwisho, kichwa kinamwangukia daftarini. Alimwambia kwa huruma, angekaa na huruma yake ingekuwa afadhali.

Sasa, mpishi ana elimu yake. Mahindi na maharage vikichemka vinashuka chini, juu unabaki mchuzi na punje mbili tatu zinazozurura. Mpishi mwaminifu kabla ya kila mchoto anakoroga, ili kila mtu apate cha chini na cha juu. Mama Masizi alikuwa amekoroga miaka kumi na tisa. Jumatatu ile akapiga moyo konde, akaacha kukoroga.

Mwalimu akisema "kubwa", upawa mkubwa unateleza juu juu, unakuja umejaa mchuzi. Akisema "ndogo", upawa mdogo unazama mpaka mwisho, kiwiko kinaingia katika mvuke, unatoka na rundo. Kwa macho ya mwalimu wa zamu kila kitu kiko sawa, mkubwa ni mkubwa na mdogo ni mdogo. Upawa una saizi, hauna kina. Na hakumchotea Kijino peke yake, hilo lazima niliseme kwa ajili yake. Aliwachotea hamsini na wanne wote. Alijiambia akimpendelea mmoja ni mwizi, akiwasawazisha wote ni mpishi.

Wa upawa mkubwa walinung'unika. Bakuli moja la udongo, la yule anayeitwa Namba Moja kwa kuwa hajawahi kuwa namba mbili, lilirudishwa dirishani.

"Mama Masizi, hili langu ni maji matupu."

"Akili inakaa kwenye mchuzi, mwanangu. Kunywa uone."

Mwalimu wa zamu akacheka, foleni ikasogea. Namba Moja alibaki namba moja, nyumbani kwao kuna chakula. Lakini wengine hawana, na usiku mmoja mmoja Mama Masizi aliyafikiria hayo mabakuli, kwa sababu hakuna mchezo wa kugawa ambao humpunguzii mtu. Hata hivyo mikono ya wale wa mdogo ilianza kunenepa. Bakuli la Mrefu likaanza kurudi na punje moja mbili zimesazwa, jambo ambalo hakuliona mwaka mzima. Kijino akapanda: thelathini na tano, thelathini na tatu, thelathini na moja. Wiki ya sita hakusinzia hata siku moja. Jioni alisoma kwa sauti mpaka bibi yake akajua mito na milima ya dunia ambayo hataiona. Mama Masizi akawa anaimba jikoni, na watu waliomzoea wakamwuliza kama amepata mchumba.

Ukaja mtihani wa majaribio wa shule nzima, ule unaofanana na wenyewe. Wastani wa darasa ukaruka. Alama kumi na moja! Haijapata kutokea, hata mwaka wa cheti. Na aliyeuinua wastani si Namba Moja na wenziwe, wale walibaki pale pale. Ulioinuka ulikuwa mkia. Mwalimu mkuu alikaa na zile karatasi siku mbili, kalamu inatoka sikioni inarudi sikioni. Siku ya tatu akawakusanya walimu na mpishi wao uwanjani, na Mama Masizi akavaa aproni yake nyeupe. Alijua kabisa kinachokuja: sasa ameona, sasa atasema wote wapewe sawa.

"Miaka miwili tumekuwa tukipoteza chakula," mwalimu mkuu alisema. "Nimepanga alama kwa makundi. Watoto wa upawa mkubwa hawakusogea. Watoto wa upawa mdogo wamepanda kuliko wakati wowote. Maana yake upawa mdogo unatosha. Labda hata unachangamsha. Kuanzia wiki ijayo upawa mkubwa unastaafu, na nimeiandikia ofisi kwamba shule yetu inaweza kufaulisha kwa magunia matatu."

Walimu wakapiga makofi. Mama Masizi akajikuta naye anapiga, mikono imetangulia akili. Alisimama pale juani na ile aproni, akajiona mjinga kuliko wajinga wote aliowahi kuwapikia. Kwanza alikuwa amefungua mdomo, ukazaliwa upawa mkubwa. Safari hii aliufunga, na tazama.

Akaenda ofisini mchana ule ule. Hakukaa alipokaribishwa.

"Mwalimu, nilikuwa nachota chini," alisema. "Wa mdogo nawachotea chini, wa mkubwa nawachotea juu. Sikorogi. Wiki ya sita sasa. Hawakupanda kwa kula kidogo. Wamepanda kwa kushiba."

Mwalimu mkuu alimtazama mpaka akaelewa. Kisha akainuka, akaufunga mlango, akarudi kukaa chini ya cheti chake.

"Nani mwingine anajua?"

"Mkono wangu."

"Ripoti imeondoka asubuhi, Mama."

"Andika nyingine."

"Niandike nini? Kwamba mpishi wangu kanizunguka wiki sita, nami nikausifia uongo mbele ya ofisi nzima?" Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali apandishe. "Nikiandika hivyo wewe unafukuzwa, mimi nahamishwa, na gunia lililokatwa halirudi. Ofisi ikishakata haishoni. Mtihani ni wiki tisa zijazo. Mjukuu wako yumo, si ndiyo? Basi rudi jikoni, Mama. Pika."

Alingoja afukuzwe, hakufukuzwa. Akajaribu kuwaza angemwambia nani mwingine. Wazazi? Wangeuliza kwanza nani aliwanywesha watoto wao mchuzi. Mwalimu wa hesabu? Angemwonea huruma tu. Akiacha kazi kwa hasira, jioni hakuna ukoko, na Kijino anaanza kula kwa macho mchana na jioni. Akibaki, yeye ndiye atakayegawa hiyo njaa, bakuli kwa bakuli, mpaka siku ya mtihani. Kila mlango aliousukuma, nyuma yake alikuta jiko lile lile. Alirudi, akachochea moto uliokuwa umeanza kufa, maana kuni zilikuwa zimeshapangwa na chakula cha kesho lazima kipikwe.

Jibu la ofisi lilikuja na pongezi. Mwalimu mkuu aliomba apunguziwe gunia moja, ofisi ikaona kama matatu yanatosha basi na mawili yatatosha, mengine yapelekwe kwingine kueneza mfano mzuri. Lori likashusha magunia mawili. Mama Masizi akamwuliza dereva kama hajasahau kitu, dereva akamwonyesha karatasi.

Jumatatu akapika. Sufuria lilikuwa lile lile, maji yale yale, kilichopungua hakikuonekana kwa juu. Mlango wa jiko haukuwa na orodha tena, pamebaki alama za gundi na njia nyeusi ya kidole chake ikishuka. Upawa mkubwa ulikuwa umetundikwa ofisini karibu na cheti. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyekuwa zamu, akasimama tu bila karatasi, hana la kusoma. Mama Masizi alikoroga vizuri, akakoroga tena kabla ya kila mchoto kama alivyofundishwa ujanani, na bado kila bakuli lilipata mchuzi. Likapita la udongo. Likapita la bati lenye kishikio, mkono ulioshika ukatulia kidogo kungoja nyongeza, kisha ukaenda. Hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa wote walikuwa wamepewa sawa.

Likaja la buluu. Akachota, akamimina. Bakuli halikuondoka. Foleni nyuma ikaanza kusukumana, na badala ya mkono kuondoka, akaona kitu ambacho dirisha lile halijawahi kumwonyesha: Kijino alikuwa ameinama, ameingiza uso wake katika uwazi, jino mbele, macho yanaangalia juu kumtafuta. Alinong'ona ili mwalimu asisikie.

"Bibi, chota chini. Kama siku zile."

Kumbe alijua. Siku zote zile alijua, akala, akapanda, akanyamaza, mtoto wa miaka kumi na tatu akamtunzia bibi yake siri kuliko bibi alivyowahi kutunza siri yoyote. Mama Masizi aliuzamisha upawa mpaka kiwiko kikaingia katika mvuke. Akaukwaruza ukuta wa sufuria, akauzungusha, bati likalia juu ya bati. Ulipotoka ulikuwa na mchuzi na punje tatu. Mwalimu wa hesabu alikuwa akitazama pembeni. Akazimimina zile punje juu ya zilizokuwamo.

"Hapa ndipo chini, mjukuu wangu," alisema. "Nenda ukale, wenzako wanangoja."